Kila Mtaala na Jengo Lake: Shule Ndogo za Msingi Vijijini Machakos

Shule ndogo ya msingi katika vijiji vya Machakos hutambulika kwa mbali kwa miti yake. Huko Yatta, Masinga, Mwala na Kalama, ambako mashamba ya mahindi, kunde na mbaazi hupakana na vichaka vya migunga, mtu akiona mijakaranda au mikaratusi imepandwa safu moja kama iliyopimwa kwa kamba, ajue pale pana shule au kanisa. Mara nyingi ni vyote viwili. Jina la shule hutanguliwa na herufi za kanisa lililoifadhili, na penye lango pana ukuta ulioandikwa kwa rangi ya mafuta: kaulimbiu, dira, dhamira, kisha orodha ya maadili. Uadilifu, bidii, nidhamu, ushirikiano. Orodha hiyo haipishani sana na ya shule jirani. Huenda fundi wa rangi ni yule yule.

Maadili yanayofuatwa kweli ndani ya ua yana asili nyingine, nayo ni kazi. Shule hizi zilijengwa na wanakijiji kwa mikono yao, zikakabidhiwa serikali iziendeshe, na tangu hapo kila mabadiliko yanayotangazwa Nairobi huwafikia wanakijiji yakiwa kazi mpya: darasa la kujengwa, tangi la kununuliwa, mwalimu wa kulipwa. Anayetaka kujua shule ya namna hii humfunza mtoto nini hana budi kuanza na waliobeba mawe.

Kabla ya shule, mtoto wa Kikamba alifunzwa kwenye thome, uwanja wa mbele ya boma walipoketi wanaume jioni, na kando ya meko ya susu, nyanya yake. Elimu ya kitabu ililetwa na wamisheni. Africa Inland Mission ilitua Nzaui, sehemu ambayo siku hizi iko Kaunti ya Makueni, mwaka wa 1895 ikiongozwa na Peter Cameron Scott, na muda mfupi baadaye ikawa imefika Kangundo. Wakatoliki nao walijenga Kabaa, upande wa Mwala. Serikali ya kikoloni ikafungua shule yake mjini Machakos mwaka wa 1915. Kutokana na vituo hivyo vikubwa vilichipuka vibanda vya kusomea vijijini, kuta za udongo na paa la nyasi, mwalimu akiwa katekista aliyewashinda wenzake kidogo tu kwa kusoma. Shule nyingi za leo zilianza hivyo. Ndiyo sababu mahali pengine shule mbili, moja ya AIC, kanisa lililotokana na Africa Inland Mission, na nyingine ya Kikatoliki, zinatazamana ng'ambo ya bonde moja, kila moja na mwalimu mkuu wake na uhaba wake.

Kilichogeuza vibanda kuwa majengo ni mwethya. Huu ni utaratibu wa kazi ya zamu: majirani huitwa shambani kwa mtu, wakalima au wakajenga, mwenyeji akawapikia, kisha zamu ikahamia kwa mwingine. Nguvu yake ilionekana kwanza mashambani. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitaja Machakos kama nchi iliyokwisha, udongo umeoshwa na mifugo imezidi malisho. Mwaka wa 1938 walipoanza kuwatwaa ng'ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kulalamika, naye akaishia kupelekwa uhamishoni Lamu. Kuchimba matuta kwa kulazimishwa kulichukiwa vivyo hivyo. Mambo yalibadilika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilipoachiwa kujichagulia viongozi na kujipangia kazi. Matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu wa mteremko, yakaenea vilimani. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotoka mwaka wa 1994 kilionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu katika wilaya ya zamani ya Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua. Wageni walishangazwa na matuta. Wangeangalia madarasa pia, kwani yalijengwa na vikundi vile vile, vyenye wanawake wengi kuliko wanaume.

Kwa hivyo Jomo Kenyatta alipotoa wito wa Harambee mwaka wa 1963, huku Ukambani wito huo uliwakuta watu wako kazini. Mchanga ulitolewa mtoni ukabebwa mgongoni, mzigo ukishikiliwa kwa ukanda uliopita kipajini. Matofali yalichomwa papo hapo kwenye tanuri la kuni. Watoto waliambiwa kila mmoja aje na jiwe asubuhi, na jiwe la njiani likawa msingi wa darasa. Vitu visivyoweza kuokotwa wala kuchimbwa, yaani mabati, misumari na saruji, vilinunuliwa kwa mchango, na katika michango hiyo kuku mmoja aliweza kunadiwa mara tatu au nne, kila aliyemnunua akimrudisha mezani anadiwe tena. Jogoo kama huyo alileta mabati mengi kuliko thamani ya nyama yake.

Mpaka leo ua wa shule husomeka kwa majengo yake. La zamani zaidi ni refu na jembamba, la mawe au matofali yaliyochomwa, lenye madirisha ya mbao yasiyo na vioo. Hilo ndilo la harambee. Kenyatta alifuta karo ya madarasa manne ya kwanza mwaka wa 1974, watoto wakafurika, na shule zikawatoza wazazi ada ya majengo ili kupata pa kuwaketisha. Mrithi wake, Daniel arap Moi, akamalizia karo ya madarasa yaliyobaki, na mwaka wa 1979 akaleta maziwa ya Nyayo, ya bure shuleni, ambayo watu wazima wa umri fulani huyakumbuka kuliko somo lolote.

Jengo linalofuata mara nyingi limefungwa kwa kufuli. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1980, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 na kuongeza darasa la nane pamoja na masomo ya useremala, ushonaji, upishi na kilimo. Kijiji kiliambiwa kipate karakana. Ukambani ulikuwa umetoka tu katika ukame mkali wa 1984, lakini karakana ilipatikana. Baadaye masomo hayo yaliondolewa kwenye mtihani, na karakana ikawa stoo ya mahindi na madawati yaliyovunjika. Hakuna aliyeomba radhi, na pengine hakuna aliyetarajia kuombwa.

Mwaka wa 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilirudisha elimu ya msingi bila malipo. Nchini kote idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Mwaka huo huo ulianzishwa mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, CDF, na kutokana nao yakaja madarasa ya kuta laini yaliyopakwa rangi nzuri na kuandikwa jina la mfuko kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Kuanzia 2013 chekechea zikawa chini ya serikali za kaunti, hivyo kaunti nayo ikajenga chumba chake pembeni. Karibu na mwaka wa 2016 nyaya za umeme zilifika, vikafuata vishikwambi vya watoto wa darasa la kwanza, na kwa sababu ya vishikwambi hivyo chumba kimoja kikatiwa mlango wa chuma na nondo madirishani. Ndicho chumba kilicho imara kuliko vyote katika ua mzima.

Jengo la mwisho, au msingi wake tu pale ambapo bado halijainuliwa, ni la sekondari msingi. Mtaala wa Umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4, ulianza kutekelezwa kitaifa katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, mtihani wa KCPE wa kumaliza darasa la nane ukafanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na Gredi za 7, 8 na 9 zikaamuliwa zikae ndani ya shule za msingi. Kwa mzazi lilikuwa jambo jema, kwani mtoto wa miaka 12 hatapelekwa bweni. Kwa kamati ya shule ilikuwa ni maabara ya kutafuta, viti virefu zaidi, na vyoo vingine. Mwongozo wa wizara wa tundu moja la choo kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30 unajulikana kwa kila mwalimu mkuu. Jinsi ya kuchimba shimo katika mwamba wa Yatta ni habari nyingine.

Siku ya shule huanza kabla ya kengele. Kengele yenyewe kwa kawaida ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi, ikigongwa kwa chuma, na sauti yake hufika mbali kiasi cha kumfanya mtoto aliye bado kwenye mteremko aanze kukimbia. Waliotangulia hugawana kazi bila kuambiwa upya. Kuna wanaofagia uwanja kwa matawi, wanaonyunyiza maji darasani vumbi lisipande, wanaookota takataka, wanaopanga mitungi. Zamani, sakafu zilipokuwa za udongo, Ijumaa ilikuwa siku ya kuleta samadi ya ng'ombe na kuisiriba sakafu ili kuzuia viroboto na funza. Saruji imeiondoa kazi hiyo, na hakuna anayeililia. Jumatatu na Ijumaa bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa, mwalimu wa zamu hutoa matangazo na kukagua kucha.

Maji ndiyo somo gumu kuliko yote. Mvua za Machakos huja misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na ile ya mwisho wa mwaka ndiyo inayotegemewa zaidi. Katikati ya misimu hiyo kuna miezi ambayo tangi la paa hukauka. Hapo kila mtoto huja na kijerikeni cha lita tano, hata wa Gredi ya 2, na maji hayo humwagwa kwenye pipa la jikoni, la walimu na la kunawa. Kibuyu chirizi, mtungi mdogo uliotobolewa na kufungwa kwenye kijiti cha kukanyagwa kwa mguu, huning'inia karibu na choo. Maji machache hutosha mikono mingi, na yanayodondoka huangukia mche wa mwembe au mpapai uliopandwa hapo makusudi. Katika shule kadhaa kila mtoto ana mti wake wa kutunza mpaka amalize, na mti ukifa huonekana na wote. Chama cha kilimo cha wanafunzi, 4-K, kilichoanza karibu na wakati wa uhuru na kufufuliwa mwaka wa 2021, kinapofanya kazi huanzia hapo hapo penye maji machafu ya kunawa.

Shule zilizo karibu na bwawa la mchanga zina nafuu. Ufundi huu umekita mizizi Machakos kuliko sehemu nyingi duniani, na kikundi cha Utooni cha eneo la Kola, kilichoanzishwa na Joshua Mukusya na wenzake mwaka wa 1978, ndicho kilichousambaza sana. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, ukishikamana na mwamba wa chini. Mvua ikinyesha, mto hushuka na mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake, ambako jua haliyafikii wala ng'ombe hawayachafui. Robo ya ujazo wa mchanga huo, au zaidi, ni maji. Hayo hutekwa na kijiji na shule miezi mingi baada ya mto kuonekana mkavu. Mchanga huo huo ndio unaotamaniwa na malori ya wajenzi wa Nairobi, na mahali malori yalipopita usiku, kisima cha watoto hushuka.

Chakula cha mchana kina siasa zake. Mpango wa chakula shuleni uliokuwa ukiendeshwa na Shirika la Chakula Duniani ulikabidhiwa serikali ya Kenya kikamilifu mwaka wa 2018, lakini haufiki kila shule, na mahali usipofika wazazi hupima wenyewe: gorogoro (mikebe ya kupimia nafaka) kadhaa za mahindi na moja au mbili za maharagwe kwa muhula, pamoja na pesa kidogo za mpishi. Kinachopikwa ni isyo, ambayo Wakenya wengine huiita githeri, au muthokoi pale wazazi wanapokubali kukoboa mahindi. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni kwa maji kidogo hadi ganda likatoka. Huiva haraka kuliko mahindi mazima, kwa hivyo hula kuni chache, na tumbo la mtoto wa miaka sita huipokea vizuri. Lakini kutwanga gunia zima ni kazi ya wanawake, na ndiyo maana mjadala wa isyo au muthokoi katika mkutano wa wazazi huwa mrefu kuliko inavyodhaniwa.

Ugumu huja kwa mtoto ambaye nyumbani kwao gorogoro haikupatikana. Sheria haimruhusu mwalimu kumfukuza, na sufuria ni moja. Katika shule nyingi jambo hili huamuliwa kimyakimya na mpishi, ambaye ni mama wa kijiji na anajua nyumba ipi haikuvuna. Huongeza maji. Mtoto hupanga foleni na sahani yake kama wenzake. Kama kuna kitendo kimoja kinachobeba neno ushirikiano lililoandikwa langoni, ni hicho, na hakimo katika mpango wowote wa somo.

Mtaala mpya unataja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Pia unadai watoto wafanye kazi za kuhudumia jamii na wapimwe kwazo. Walimu wa mjini hulazimika kubuni kazi hizo. Shule ya kijijini ina tatizo la kinyume, kwa kuwa kazi zimejaa, na mstari kati ya kumfunza mtoto kuwajibika na kumtumia kama kibarua ni mwembamba. Kubeba maji lita tano kilomita mbili kunafunza jambo, lakini pia kunachosha mgongo na kula dakika za kusoma. Isitoshe mzigo haugawanywi sawa: wasichana hupewa jiko na ufagio, wavulana uwanja. Fimbo nayo, iliyopigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, haijaondoka kabisa, na mzazi aliyechapwa enzi zake mara nyingi ndiye anayemtetea mwalimu. Haya ni maadili pia, na mtoto huyajifunza upesi.

Uangalifu wa vitu vidogo hufunzwa na uhaba wenyewe. Penseli hukatwa vipande viwili, kimoja cha mdogo wa mtu. Daftari hufunikwa kwa gazeti, na makala za wikendi hupata huko wasomaji wa muda mrefu kuliko mezani. Vitabu vya kiada vilikuwa haba, watoto watatu au wanne kwa kimoja, mpaka wizara ilipoanza mwaka wa 2018 kuvipeleka moja kwa moja shuleni kwa lengo la kila mwanafunzi na chake. Mpira wa kuchezea ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyosokotwa na kufungwa kwa kamba. Marufuku ya mifuko hiyo ya Agosti 2017 ilikuwa njema kwa mito na mbuzi, ikawaacha washambulizi wa Gredi ya 4 na matambara.

Lugha ya uwanjani ni Kikamba. Ripoti ya tume ya Gachathi ya 1976 ilitaka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na vikatoka vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha kadhaa, Kikamba kikiwamo. Hata hivyo kwa miongo mingi mtoto aliyepatikana akiongea lugha ya mama alivishwa shingoni kipande cha ubao au mfupa, monto, akatembea nacho mpaka amkute mwenzake mwenye kosa hilo. Mtindo huo uliwafunza watoto kuchongeana, na ni vigumu kuona faida iliyozidi hasara. Mtaala wa sasa unarejesha lugha ya mama hadi Gredi ya 3. Mwalimu akiwa mwenyeji, somo la kusoma huchangamka. Akiwa ametoka kaunti nyingine, watoto ndio humfunza yeye. Katika tamasha la muziki, ambalo nchini Kenya lina historia ya tangu 1927, Kikamba hupata heshima kamili: ngoma, filimbi na miruko ya sarakasi ambayo wacheza ngoma wa Ukambani wanasifika kwayo, ikifunzwa na mwalimu mmoja mwenye kipaji katika uwanja wa vumbi muhula wa pili.

Kwa miaka 38 shule ndogo ilipimwa kwa KCPE. Katika miaka yake ya baadaye alama 500 ndizo zilizokuwa kilele, na mtoto aliyepita 350 kutoka shule ya mkondo mmoja alitangazwa kanisani, mbuzi akachinjwa, na mwalimu wa hesabu akapewa blanketi. Wastani wa shule ulijulikana mpaka sokoni. Wazazi wenye uwezo waliposhuku wastani huo waliwahamishia watoto kwenye akademia za kibinafsi, na shule ikabaki na watoto wa wasio na nauli. Sasa ripoti husema mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Wazee wengi bado huuliza amekuwa nambari ngapi. Kwa walimu wa shule ndogo mabadiliko haya yana unafuu wake, kwani mtoto anayejua kulisha kuku, kupandikiza miche na kuongoza paredi ana mahali pa kuandikiwa, hata kama kugawanya kwa desimali kunamshinda.

Kinachotishia shule hizi kwa sasa ni uchache wa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwapata 3.4. Wazazi vijana nao wamehamia Mlolongo, Athi River, Kitengela na Nairobi, wakawaacha watoto kwa susu au wakaenda nao. Darasa lililojengwa kwa watoto 45 lina 14.

Uchache huo hugeuka shida kwa sababu pesa hufuata kichwa. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi. Shule yenye watoto 120 wa Gredi ya 1 hadi ya 6 hupata basi shilingi 170,400, ambazo ni za chaki, umeme, ukarabati, mlinzi na mengine yote, nazo hufika kwa mafungu, mara nyingi zikiwa zimechelewa na kupungua. Kwa mtoto wa sekondari msingi mgao ni takriban shilingi 15,000. Watoto 45 wa Gredi ya 7 hadi ya 9 huiletea shule, kwa hesabu ya karatasini, karibu mara nne ya wadogo zao 120, ingawa wanatumia choo, jiko na tangi lile lile. Mwalimu mkuu ni mmoja, mafungu ni mawili, na walimu wa pande hizo mbili hawakubaliani kila mara kuhusu nani msimamizi wa nani.

Walimu nao hupangwa na Tume ya Kuajiri Walimu kwa idadi ya wanafunzi. Sekondari msingi ilipoanza mwaka wa 2023, shule nyingi ndogo zilipata mwalimu mmoja au wawili, baadhi yao wanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa masomo ambayo hata baada ya kupunguzwa yalibaki tisa. Mwalimu wa Kemia hujikuta akifundisha Sanaa na Michezo. Pengo hujazwa na mwalimu anayelipwa na bodi ya usimamizi, na bodi hiyo hupata pesa hizo kwa wazazi wale wale wa gorogoro. Katika madarasa ya chini, Gredi mbili huweza kuwekwa chumba kimoja, migongo ikigeuziana, mwalimu akitembea kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Mpango huu una sifa mbaya kuliko unavyostahili. Mtoto wa Gredi ya 2 husikia la Gredi ya 3 mwaka mzima kabla halijawa lake, na mwalimu hodari huligeuza kuwa faida. Asiye hodari huwapoteza wote.

Wazo la kuunganisha shule ndogo hurudi kila bajeti inapobana. Kwenye ramani linaeleweka. Kwenye ardhi ya Machakos shule mbili zilizo umbali wa kilomita tatu huweza kutenganishwa na mto ambao kuanzia Oktoba hauvukiki, na muhula wa tatu, ambao ndio wa mitihani, huangukia kwa sehemu katika mvua za msimu huo. Mtoto wa chekechea hawezi kutembea umbali anaotembea kaka yake. Kuna pia suala la madhehebu, kwa kuwa mfadhili mmoja hataki kumezwa na mwingine, na suala la kamati mbili zenye wenyeviti wawili. Mahali palipofikiwa makubaliano, mara nyingi ilikuwa kwa njia ya kugawana: shule moja ikabaki na chekechea hadi Gredi ya 3, nyingine ikachukua wakubwa.

Ardhi ndiyo fundo la mwisho. Uwanja wa shule ulitolewa na ukoo, kwa maneno, mbele ya wazee ambao wengi wao wamekwisha kufa, na shule nyingi za umma nchini hazina hatimiliki. Wakati madarasa yalipojaa hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Yanapoanza kubaki matupu, wajukuu wa aliyetoa shamba hufika barazani wakitaka kujua iwapo shule ikifungwa litarudi kwao, kanisa husema lilipewa lenyewe, na chifu huahirisha kikao. Baadhi ya bodi zimeamua kutafuta hati kabla ya kujenga chochote kipya: kumleta mpimaji, kupata saini za familia iliyotoa uwanja, kulipa ada za usajili. Gharama hiyo haimo katika mgao wa serikali, na wazazi ndio wanaoichangia.